Jina Jipya la Mwanamke Mkimya

Jumanne, 5 Mei 1998

Yangu! Baa ni yangu!

Saa tano kasorobo asubuhi, ofisini kwa wakili, nimetia sahihi mara saba. Mara ya tatu kalamu ilikauka, moyo ukanipasuka, nikadhani ni mkosi. Wakili akanipa yake. Miaka ishirini na miwili nimesimama nyuma ya kaunta ile nikiwa mtu wa kutumwa — Thelma leta, Thelma futa, Thelma kuna mtu katapika — na leo nimetoka pale na funguo nane mkobani. Mmoja haufungui kitu chochote. Sijali. Na huo ni wangu.

Nimerudi kwa miguu kando ya mto Severn nikicheka peke yangu kama chizi. Koikoi alikuwa amesimama pale maji yanapomwagikia, mguu mmoja juu, shingo ameikunja, amenuna kama karani wa posta. Nikampigia kelele: Yangu! Hata hakugeuka. Ndege yule ana dharau.

Kufika, nikainua macho nikalitazama bango. Mwanamke Mkimya. Gauni la bluu, mikono mizuri imeshika sinia la bilauri, na juu ya mabega — mawingu. Kichwa hakuna. Shingo imekatwa sawasawa kama soseji. Ndilo jina la baa hii tangu zama za mababu, na ndio utani wake: mwanamke mkimya ni yule aliyekatwa kichwa. Ha ha. Reg, Mungu amrehemu, aliutoa utani huo siku ya harusi yetu, humu humu, mbele ya mama yangu. Akaendelea kuutoa kila Jumamosi mpaka moyo wake uliposimama. Kila mpita njia anayeingia kunywa anautoa, akidhani yeye ndiye wa kwanza. Mimi nacheka, namjazia bilauri.

Basi. Nimeamua pale pale barabarani, mkoba mkononi. Jina linabadilika.

Nimemwambia Noreen — mdogo wangu, ndiye mkuu wa jikoni. Akaacha kumenya viazi. Dada, akasema, umeinunua asubuhi, unataka kuifunga jioni?

Jumatano, 6 Mei

Nimewatangazia. Nimepanda juu ya kreti ya soda.

Mungu wangu, kelele! Ungedhani nimesema nauza mto. Gordon Beddoes mwenye bucha ndiye aliyeshika bendera. Baba yake alikunywa Mwanamke Mkimya, babu yake alikunywa Mwanamke Mkimya, yeye mwenyewe alizimia mara ya kwanza maishani ndani ya Mwanamke Mkimya.

"Sasa nimwambie mke wangu niko wapi?" akauliza.

"Mwambie uko kwa Thelma."

"Atanichinja!"

Watu wakacheka, nikapata nafasi. Nikaweka kopo tupu la biskuti kwenye kaunta. Kila mtu aandike jina analotaka, atumbukize. Tarehe ishirini na tatu tunapiga kura. Bango jipya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, kweupe, kila mtu ashuhudie.

Mtu mmoja tu hakusema neno. Mzee Enoch Pardoe, yule aliyechora mabango yote ya bonde hili, na hili letu likiwamo. Anakaa dirishani siku zote. Nilipotaja bango akatazama nje, kisha akavaa kofia akaondoka. Bia yake ameiacha nusu. Mzee Enoch! Nusu! Noreen ameishika ile bilauri kama anashika maiti.

Je, nimemuumiza? Ni kazi ya mikono yake, nami naitupa kama kitambaa. Sikufikiria.

Ijumaa, 8 Mei

Kopo limeanza kujaa. Nanga. Daraja. Samaki Mlevi. Talaka ya Gordon (mwandiko wa kike, nakisia ni nani). Mwanamke Mwenye Domo — huyu ni Noreen, anabisha lakini karatasi ina unga. Na Mwanamke Mkimya mara kumi na moja, mwandiko mmoja, karatasi zinanuka maini.

Mimi nataka Mdiria. Ndege wa mto huu, bluu tupu, akipita ni kama mtu kawasha kiberiti. Jina fupi, linaandikika.

Leo pia amekuja fundi wa vyoo. Hatimaye! Choo cha wanaume ni ukuta na mfereji, hakina paa, mvua ikinyesha wanatoka wameloa na kulaumu hali ya hewa. Cha wanawake kina paa, lakini mlango haufungi. Unashikilia kwa mguu huku unaimba, ili watu wajue kuna mtu. Na mwezi huu batamaji dume amejimilikisha ua mzima kwa sababu mke wake ana vifaranga hapo chini ukingoni. Juzi amemfungia msimamizi wa kwaya ndani dakika ishirini. Alimaliza nyimbo zote anazozijua.

Fundi anaitwa Wilf Tranter. Masikio makubwa, mikono safi — safi kuliko ya daktari. Kabla ya ufundi aliendesha lori miaka kumi na tisa, kutoka hapa mpaka Uturuki. Nilimuuliza nchi zenyewe zikoje. Akasema milima hakuiangalia sana, ila vyoo vyake anavikumbuka kimoja kimoja!

Ujerumani, anasema, choo kina kibaraza ndani. Mzigo hauangukii majini. Unakaa pale juu, mkavu, unakutazama, mpaka uvute maji. Kwa nini? Waukague! Afya! Noreen akachukua pai yake akaondoka. Italia kuna kibeseni cha pili kando ya choo; yeye alidhani ni cha kufulia soksi. Kafua soksi humo miaka minne, hakuna Mwitaliano aliyemwambia kitu, wana adabu sana.

Nimecheka mpaka nimeshika mbavu. Amekula mayai manne ya siki. Anarudi Jumatatu na vigae.

Jumapili, 10 Mei

Niandike kwa utaratibu.

Bi Ivy Pardoe, mke wa Mzee Enoch, husimama darajani kila asubuhi saa moja na darubini na daftari lake. Anahesabu ndege kwa ajili ya chama fulani kinachomtumia fomu. Ni mzungumzaji hasa — posta, kanisani, kwenye foleni ya mkate, hashindwi. Lakini miaka yote niliyomfahamu hajakanyaga kizingiti cha baa. Nilidhani ni mambo ya dini.

Nimeenda kumwomba ushauri wa mdiria.

"Habari za asubuhi, Bi Ivy."

"Nyamaza kwanza. Mbayuwayu arobaini na wanne, arobaini na watano... yule alishapita. Haya. Sema."

Nikasema nataka kuiita baa Mdiria. Akashusha darubini.

"Umewahi kunusa tundu la mdiria, mwanangu?"

"Hapana."

"Mimi nimenusa. Shimo refu kama mkono wako, ndani watoto saba. Wanakula samaki, miiba wanaitema hapo hapo, na mavi wanayarusha mlangoni mpaka yanachuruzika ukingoni kama uji. Baba mtu akitoka humo anajitosa mtoni mara tatu kabla hajaonekana na watu. Zile rangi zote ni za nje tu."

"Basi ni baa yangu kabisa," nikasema.

Alicheka vizuri. Kisha akageukia mto, akauliza kama hivi hivi tu, "Na lile bango mnalishusha kweli?"

"Tunalishusha."

"Vizuri. Lile ni gauni langu."

Nusura nidondoke mtoni!

Akanisimulia huku anahesabu, macho kwenye darubini. Mwaka hamsini na tatu. Wana miaka miwili ya ndoa. Enoch kapewa kazi ya bango jipya, akamwambia nataka nikuchore wewe. Wiki tatu Bi Ivy alikaa juu ya pipa na sinia mikononi, hajitikisi, mgongo unamwuma, na moyoni anajiona malkia. Enoch hakumwambia baa ile utani wake ni upi. Naye alikuwa mgeni, ametoka upande wa pili wa kilima. Siku ya kufunua akavaa kofia mpya, akaja na mama yake. Shuka likaanguka.

"Na kichwa sina. Ukumbi mzima ukacheka. Mama akanishika mkono tuondoke, nikasema ngoja. Nikamtafuta Enoch kwenye umati." Akaandika kitu daftarini. "Enoch naye alikuwa anacheka. Kitwitwi wawili, pale kwenye jiwe."

Nikashika ukuta wa daraja.

"Mkaachana?" nikauliza.

"Tuachane wapi. Nilikwenda nyumbani nikampikia viazi. Tumeishi. Ni mtu mwema. Ila humo sikuingia tena, na habari hiyo hatujaitaja mpaka leo."

Miaka arobaini na mitano.

Jumatatu, 11 Mei

Mzee Enoch kaja kabla sijafungua. Kagonga dirisha. Nimemkaribisha jikoni, nimemwekea chai, na kabla hajakoroga sukari nimemwambia najua kuhusu gauni. Sina subira, ndivyo nilivyoumbwa.

Akakiweka kijiko mezani. Noreen alikuwa anakata nyama, akaacha.

"Uso niliuchora," akasema.

"Uso gani?"

"Wake. Niliumaliza. Sijawahi kuchora kitu kizuri namna ile, kabla wala baada. Mwenye baa wa wakati huo akaja kutazama, akasema safi sana, sasa kifunike kichwa. Nikakataa. Akaniambia basi kazi sina, tena vijana wote watajua nimekaa wiki tatu namchora mke wangu kama mtoto wa shule aliyependa." Akanywa chai. "Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nikakifunika. Nikapaka mawingu."

"Na siku ile ukacheka."

"Niliogopa wataniona nalia."

Noreen akajifanya kitunguu kimemwingia machoni. Hakukuwa na kitunguu.

Kisha Mzee Enoch akasema jambo. Kabla ya kupaka mawingu, aliupaka uso vanishi. Tabaka zito. Ili rangi ya juu isishikane na ya chini.

"Ili iweje?"

"Ili siku moja..." Hakumaliza.

Siku moja! Mzee wangu! Umri mzima kamlaza mkewe chini ya mawingu ya rangi, kwenye upepo na mvua, anakuja kukaa chini yake kila siku, na nyumbani hasemi!

Nimemuuliza kwa nini hakumwambia. Akasema mwaka wa kwanza alikuwa na aibu. Wa kumi, ilikuwa imeshakuwa kawaida. Wa thelathini, angeanzia wapi?

Anataka kulishusha mwenyewe na kuukwangua uso utoke. Nimekubali kabla hajamaliza kuomba. Bi Ivy asijue. Noreen ameapa. Mimi nimeapa. Mimi! Na siri! Siku kumi na tisa! Nitapasuka.

Jumamosi, 16 Mei

Bango limeshuka. Gordon alisimama chini ya ngazi na karatasi ya malalamiko yenye sahihi thelathini na moja, wawili kati yao tumeshawazika. Nikamwambia asogee, litamwangukia kichwani, na sisi vichwa tunavihitaji. Akasogea. Wilf na Mzee Enoch wakalibeba mpaka banda la mashua, wamelifunga blanketi kama mgonjwa.

Mchana — mjadala mkubwa kuliko wote tangu niingie baa hii. Aliuanzisha Wilf. Bulgaria, anasema, choo ni tundu sakafuni na nyayo mbili za kukanyagia. Mara ya kwanza alianguka. Mara ya pili akashika mlango, mlango ukang'oka, akatokea barabarani nao. Baada ya mwezi mmoja magoti yake yakawa ya kijana. Sisi tunakalia viti, anasema, ndiyo maana tukifika sitini tunatembea kama meza.

Lakini Uturuki! Uturuki ndiko alikookoka. Kuna kijagi na maji. Unajiosha. Gordon akasema uchafu huo.

"Uchafu?" Wilf akaweka bilauri chini. "Bwana Gordon, wewe ni mtu wa bucha. Mkono ukiingia kwenye utumbo wa nguruwe, unaufuta na karatasi kavu halafu unamkatia mteja soseji?"

"Nanawa, bwana!"

"Na sabuni?"

"Na sabuni!"

"Kwa nini?"

Gordon akautazama mkono wake. Akaitazama pai yake. Msimamizi wa kwaya akasema taratibu kwamba, kwa kweli, yeye hilo limemsumbua maisha yote, ila hakuwa na mtu wa kuongea naye.

Wilf anataka kuweka bomba dogo la maji na kijagi katika kimoja cha vyoo vipya. Nimesema weka. Baa ni yangu! Tutakuwa wa kwanza bonde zima. Noreen anasema tutafungiwa na bwana afya.

Nimegundua nimepaka rangi ya mdomo siku tatu mfululizo. Tangu katikati ya wiki.

Jumanne, 19 Mei

Nimechungulia banda la mashua. Nilipeleka sandwichi, kisingizio.

Mzee Enoch amelilaza bango juu ya meza mbili. Ana kisu kidogo cha ubapa, pamba, na chupa ya dawa inayonuka mpaka machozi. Anafanya upana wa ukucha mmoja, anapumzika, upana wa ukucha mwingine. Nimeinama.

Sikio! Ndani ya mawingu, sikio la mwanamke, limetoka peke yake, jekundu kidogo ukingoni kama la mtu aliyekaa kwenye baridi. Na kipuli. Nimepiga yowe, mbayuwayu wametoka wote chini ya paa.

"Alivaa vile vya bibi yake," akasema Mzee Enoch. "Nilisahau. Nilikuwa nimesahau kabisa."

Hakuigusa sandwichi.

Jumamosi, 23 Mei

Kura. Mdiria kumi na tisa. Mwanamke Mkimya kumi na tisa. Samaki Mlevi tisa. Moja imeandikwa Kwa Thelma, herufi kubwa zilizonyooka kama mistari ya vigae. Sitaji mtu.

Yaani sare! Gordon kapanda juu ya kiti akadai ushindi. Nikamwambia sare si ushindi. Akasema jina la zamani lina haki ya kukaa mpaka litolewe. Akaanza kunitajia sheria, anazijua zote kutoka kwenye michezo ya kurusha vishale. Wote wakanigeukia: mwenye baa ndiye mwenye kura ya mwisho. Mkono wangu ulikuwa tayari juu kwa Mdiria — nikaushusha.

Kwa sababu ya uso ule. Mdiria gani? Chini ya picha ile? Na Mkimya haiwezekani tena, kichwa kipo. Nimesema nitatoa jibu siku yenyewe, saa sita. Wakanizomea kwa furaha. Bia imeuzika kama maji.

Sasa ubaya. Jioni mapema Mzee Enoch kanivuta pembeni. Jicho la kushoto limetoka pamoja na mawingu. Vanishi ilikuwa nyembamba pale. Uso mzima upo, mdomo upo, jicho la kulia limefunikwa na kivuli cha nywele, tabasamu ambalo sijawahi kumwona nalo Bi Ivy — na mahali pa jicho, ubao mtupu. Lazima alichore upya. Mkono unamtetemeka, na si hilo tu.

"Sikumbuki lilivyokuwa," ananiambia. "Nimeishi naye karibu miaka hamsini na sijui rangi yake ni ipi hasa."

Nikamwambia, mzee, si uko naye nyumbani? Mtazame.

Akanitazama kama nimemwambia aruke juu ya mto.

Jumatano, 27 Mei

Bi Ivy darajani. Hasira.

"Huyu Enoch ana nini? Siku ya nne ananifuata huku na kiti chake. Anakaa pale, ananitazama. Hasemi. Jana nikamwambia nina kitu usoni? Akasema hapana, geuka kidogo kwenye mwanga. Kwenye mwanga! Nimempoteza koikoi na vifaranga wawili wa kukuziwa kwa ajili yake!"

Nimeuma ulimi mpaka damu. Kweli, damu. Nimemwambia labda anajifunza ndege.

"Enoch? Hajui kunguru na kuku."

Kisha nikamwomba. Nimesema Jumamosi, saa sita, njoo. Usiingie ndani, simama nje tu. Akakunja uso, akaniuliza kwani kuna nini. Nikasema bango jipya. Akasema mabango ya mahali pale alishaona moja, linamtosha.

"Nakuomba mimi, Bi Ivy. Si yeye. Mimi, mwenye baa."

Akafunga daftari. "Wataniangalia?"

"Watakuangalia."

"Watacheka?"

Nimesema sijui. Hilo ndilo la kweli. Akaenda zake bila kuaga.

Noreen amenitia hofu zaidi. Anasema: dada, umefikiria? Mara ya kwanza alifunuliwa mbele za watu bila kuulizwa. Sasa mnamfunua tena mbele za watu, bila kuulizwa. Tofauti ni nini?

Tofauti ni kichwa, nikasema. Lakini usiku kucha nimegeuka kitandani. Noreen amesema kweli. Kesho namwambia Mzee Enoch: shuka halitoki mpaka Bi Ivy mwenyewe aseme litoke. Na asipokuja, halitoki kabisa, na Gordon na wenzake watakunywa chini ya shuka.

Wilf amemaliza vyoo. Vina mlango unaofunga! Nimefunga na kufungua mara tisa. Kijagi nimekijaribu. Siandiki zaidi, ila yeyote atakayenibishia aje tukabishane.

Jumamosi, 30 Mei

Saa saba kasoro dakika tano mchana. Naandikia chooni, goti ndilo meza. Ndicho chumba pekee kinachofungwa kwa ndani, na nimekuja kucheka na kulia kwa pamoja, sitaki wateja wanione nikifanya vyote viwili.

Haraka haraka.

Saa sita watu wamejaa mpaka kwenye ukingo. Batamaji dume amesalimu amri, kahamishia familia ng'ambo. Bango juu, shuka la kitanda changu juu yake. Chini ya picha Mzee Enoch ameacha ubao mweupe, bila jina. Amevaa suti. Brashi mfukoni, ncha nje, amesahau.

Saa sita na dakika tano, Bi Ivy hayupo. Na kumi, hayupo. Gordon akaanza: haya Thelma, jina! Nikasema subiri. Na kumi na tatu — kofia, juu ya daraja! Kofia ya kijani, ya zamani, imekaa kichwani kama sufuria. Bi Ivy. Anatembea katikati ya barabara, mkoba mbele kwa mikono miwili. Watu wakampisha. Sijawahi kuwasikia wanaume wale wametulia vile, nilisikia maji.

Akafika mbele ya Mzee Enoch. Kifua kwa kifua.

"Leo utacheka?" akamuuliza.

"Hapana."

"Watu wakicheka je?"

"Wacheke. Mimi sicheki."

Akainua macho kwenye shuka. Nikamwambia, sauti inanitoka kama ya panya: ni neno lako, Bi Ivy, litoke au lisitoke. Akasema, "Nitaona. Kwanza nina maneno na huyu bwana, na sitayasemea barabarani kama muuza samaki."

Akaingia! Akavuka kizingiti! Amekwenda moja kwa moja mpaka kaunta, akapanda kiti kirefu, akaagiza divai ya sheri. Noreen kamwaga nusu. Mzee Enoch kasimama mbele yake, kofia mkononi. Na Bi Ivy akaanza. Na lile pipa. Na sinia. Na mgongo. Na kofia — hii hii, Enoch, unaiona? Na mama yake, aliyekufa akiamini binti yake kaolewa na mpuuzi. Hapazi sauti. Anasema tu, mwaka hadi mwaka. Anasema na Mzee Enoch anajibu! Ndiyo, Ivy. Nakumbuka. Hapana, Ivy, hilo sikulijua. Watu wamebanana mlangoni na madirishani. Hakuna aliyeagiza kinywaji kwa dakika thelathini. Gordon kaingia kwa ncha za vidole kuchukua bilauri yake, akasahau kutoka. Amesimama hapo, mdomo wazi, machozi yanamshuka, mtu mzima wa bucha.

Nilipokimbilia huku walikuwa wamefika mwaka sitini na moja.

Shuka bado lipo. Jicho la kushoto sijaliona. Mzee Enoch alilimaliza jana, hakumwonyesha mtu. Jina bado hatuna! Saa sita imeshapita na sina jina!

Wilf anagonga. Kwa kidole kimoja, taratibu.

"Thelma. Toka."

"Kuna nini? Anaondoka?"

"Bi Ivy ameomba kiti."

"Si amekalia kiti?"

"Ameomba kingine. Cha Mzee Enoch."

Ngoja, naosha uso, natoka —